Tableti ya kwanza ya kuchorea: nina laki mbili na nusu, niko Wete, nisaidieni kuchagua

Binti Wete (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mimi napaka hina na piko, kazi zangu nyingi ni za maharusi. Maua yangu yote nimeyachora kwa kalamu kwenye madaftari. Siku hizi bibi harusi anataka atumiwe michoro kwenye simu achague mapema, na picha za daftari hazitoki vizuri, mara kivuli, mara karatasi imekunjika. Juu ya hayo, kuna mfanyabiashara wa kanga ameniambia nikimletea michoro iliyochorwa kwenye kompyuta kabisa, tutakaa tuzungumze.

Nina shilingi 250,000, na hiyo ndiyo mwisho wangu. Nina simu ya Android ya kawaida. Kaka yangu ana laptopu ya zamani ya Windows, RAM GB 4, ameniachia niitumie. Nimeuliza madukani Chake Chake nikaonyeshwa kibao cheusi chenye kitufe cha kufutia, bei rahisi sana, muuzaji akasema ndiyo tableti ya kuchorea. Ndiyo yenyewe hiyo? Na kama siyo, ninunue ipi? Nikiangalia mtandaoni naona namba tu, 2048, 8192, 5080, sijui niishike ipi.

Wino wa Pwani

Waalaykum salaam dada yangu. Vizuri umeuliza kabla hujatoa pesa.

Kile kibao cheusi kiache. Ni cha watoto kuandikia na kufuta, hakiungani na kompyuta wala simu, na ulichokichora humo hukitoi popote. Kinauzwa kwa jina hilo hilo la tableti ya kuchorea, ndiyo maana watu wanakibeba hadi nyumbani. Alama ya kukitambua: hakina waya wa USB wa kuingiza kwenye kompyuta, na ndani kina betri ndogo ya duara. Ziache vilevile zile kalamu zenye kichwa cha mpira zinazouzwa na makava ya simu. Ile ni sawa na kutumia kidole, haijui kama umegusa kidogo au umekandamiza.

Sasa tableti zenyewe. Ziko za aina tatu.

Ya kwanza haina kioo. Ni ubao mwembamba wa plastiki, unauunganisha kwa waya, unachora juu yake huku macho yako yako kwenye skrini ya kompyuta. Ya pili ina kioo chake, unachora palepale unapoangalia, lakini bado inahitaji kompyuta ya kuiendesha. Ya tatu ni kishikwambi kamili kinachojitegemea, kama iPad au zile Galaxy Tab za Samsung zinazokuja na kalamu.

Kwa pesa yako, mpya yenye kioo isahau. Huion Kamvas 13, ambayo ni miongoni mwa zile za chini, bei yake huko nje inapita pesa yako hata kabla ya usafiri. Wewe nenda kwenye isiyo na kioo. Ndogo nzuri zinauzwa baina ya dola 30 na 60, yaani hata ukiweka usafiri bado unabaki na chenji, na ile chenji ina kazi yake, nitaieleza.

Hizo namba ulizoziona: 2048, 4096, 8192 ni viwango vya mkandamizo, yaani kalamu inagawa nguvu ya mkono wako katika hatua ngapi. Wewe unapaka hina, jambo hili unalijua kuliko sisi: ukiibana koni kidogo unapata mstari mwembamba, ukiibana zaidi unanenepa, na ufundi wote uko kwenye ile bana-achia. Kalamu ya tableti inafanya hivyo hivyo. Lakini mkono wa binadamu hautofautishi hatua 2048 na 8192. One by Wacom ina 2048 tu na watu wanafanyia kazi za kulipwa. Kinachohisika mkononi ni kitu ambacho kwenye boksi hakiandikwi kwa herufi kubwa: kalamu inaanza kutoa wino kwa mguso mwepesi kiasi gani. Kalamu mbaya inataka uikandamize ndiyo iandike, na ncha za maua yako zitakuja zimekatika. Ile 5080 ni idadi ya mistari kwa inchi ambayo ubao unaweza kuisoma, tableti zote za siku hizi zimetosha, usiumize kichwa.

Niliweke wazi kabisa lile ambalo kwa sisi watu wa visiwani naliona kubwa kuliko yote: unanunua kalamu, ubao ni nyongeza. Kalamu ya tableti haishirikiani na kila ubao. Ukiipoteza au ikianguka kwenye sakafu ya saruji ikafa, ubao wako mzima unakuwa sinia. Mtu wa Shenzhen, huko China, atapata nyengine kesho yake. Wewe wa Wete itabidi uagize, ingoje meli, ifike Dar, ipande boti. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya tableti, uliza jina la kalamu yake, kisha utafute kama kalamu hiyo inauzwa peke yake. Huion H640P inatumia kalamu inayoitwa PW100, na kalamu hiyo hiyo imetumika kwenye modeli zao kadhaa, kwa hiyo kuipata ni rahisi. Tableti isiyo na jina, hata ikiwa nusu ya bei, kalamu yake hutaiona tena.

Na kalamu iwe haina betri. Wacom ndio waliotangulia na teknolojia hii: ubao wenyewe unatoa mawimbi ya sumaku na kalamu inapata nguvu humo humo, haichajiwi maisha yake yote. Huion, XP-Pen na Gaomon wa sasa nao wako hivyo. Zile za zamani za Huion, kama H610 Pro ya mwanzo, kalamu zake zilikuwa za kuchaji, na bado zinazunguka kwenye soko la vilivyotumika. Ukiona kalamu ina tundu la waya, iache.

Kwa hiyo kwako mimi naona modeli hizi:

Huion H640P. Eneo la kuchorea ni inchi 6.3 kwa 3.9, vitufe sita pembeni, kalamu haina betri. Ubaya wake ni tundu la waya, ni lile la zamani la USB ndogo, linalegea ukilivuta ovyo.

XP-Pen Deco 01 V2. Inchi 10 kwa 6.25, vitufe vinane, waya wa USB-C, na inajua kalamu imeinama kwa pembe gani. Kubwa kuliko ya kwanza karibu mara mbili na nusu kwa eneo, bei haiachani mbali.

One by Wacom ndogo. Haina vitufe hata kimoja, ila ni imara na draiva zake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa tableti, hazisumbui. Tatizo, kwa pesa ile ile wenzake wanakupa zaidi.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua Deco 01 V2. Sababu ni maua. Mchoro wa hina una mikunjo mirefu inayoanzia kwenye kifundo hadi kidoleni, na mikunjo ile huchorwa kwa mkono mzima, si kwa vidole tu. Kwenye ubao mdogo, mwendo mdogo wa mkono unakuwa mkubwa kwenye skrini, na kila mtetemo unaonekana.

Kijana Jang'ombe

Samahani Wino, naomba kutofautiana kidogo. Kwa nini asianze na simu aliyonayo? Mimi natumia programu ya ibis Paint kwa kidole na nachora katuni zangu zote. Bure kabisa, matangazo tu ndiyo yanasumbua. Dada asitumie laki mbili kabla hajajua kama ataipenda kazi hii.

Wino wa Pwani

Kijana, hoja yako ina uzito na nusu yake naichukua. Binti Wete, leo usiku pakua ibis Paint kwenye simu yako. Ina rula za ulinganifu: unachora jani moja, upande wa pili unajichora wenyewe, na kuna nyengine inazungusha jani lile kwenye duara zima. Kwa mtu wa hina hii ni neema. Utajifunza tabaka ni nini, yaani kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyengine, jinsi ya kuhifadhi, jinsi ya kutoa picha isiyo na rangi ya nyuma. Hayo yote utahama nayo.

Ila kwa kidole hatabaki. Kidole kinaziba palepale anapochora, na mstari wake hauna unene na wembamba isipokuwa programu iukadirie kwa kasi ya mkono. Katuni inavumilia. Ua la piko lenye ncha kama ya sindano halivumilii. Na yeye si mtu wa kujaribu kama ataipenda, mkono wake umeshaiva.

Fundi Darajani

Kaka Wino, mbona humtajii iPad iliyotumika? Mjini hapa zinapatikana, na programu yake ya kuchorea, Procreate, unalipia mara moja tu basi. Hatohitaji laptopu ya mtu.

Wino wa Pwani

Fundi, iPad ni chombo kizuri mno, wala sibishani. Tatizo ni mtego wa modeli. Zile za bei ambayo yeye anaweza kuifikia nyingi ni za zamani, na hazikubali Apple Pencil. iPad ya kawaida ilianza kuikubali kwenye kizazi cha 6, mwaka 2018. Ile ya 2017 haikubali, na iPad Air 2 haikubali, ingawa ukiziangalia kwa macho ni zile zile. Halafu kalamu yenyewe inauzwa peke yake, na kalamu ya Apple iliyotumika ni bahati nasibu kwa sababu ina betri ndani, ikikaa muda mrefu bila chaji hufa moja kwa moja. Ukijumlisha iPad ya 2018 yenye betri nzima na kalamu yake, laki mbili na nusu imeshapitwa.

Kama mtu ana pesa zaidi na anataka kitu cha kutembea nacho kwenye nyumba za maharusi, mimi ningemwelekeza Galaxy Tab S6 Lite. Kalamu imo ndani ya boksi, haichajiwi, na kioo ni inchi 10.4. Ila sio kwa bajeti hii, labda atokee mtu anauza ya kwake.

Binti Wete

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Wino, nina maswali. Moja, hiyo laptopu ya GB 4 itaweza? Pili, hii Deco naweza kuichomeka kwenye simu yangu nikiwa kwa mteja? Tatu, kuangalia kule huku mkono uko huku, nitaweza kweli?

Wino wa Pwani

Nianze na la tatu kwa sababu ndilo linalowafanya watu watupe tableti kabatini.

Siku za mwanzo mkono utakuwa kama si wako. Mstari unauanzisha hapa, unatokea pale. Usianze na mchoro wa mteja. Andika. Andika jina lako, andika alfabeti, andika orodha ya sokoni, maana maandishi mkono unayajua bila macho. Kisha piga picha ya ukurasa mmoja wa daftari lako la maua, uiweke kwenye tabaka la chini, uififishe, uchore juu yake. Hapo unafanya mambo mawili, unazoea na huku unahamisha kazi zako kwenye kompyuta.

Na kabla ya hata mstari wa kwanza, ingia kwenye draiva, tafuta mahali pa eneo la kuchorea, uweke uwiano ulingane na skrini. Ubao wako una umbo lake, skrini ya laptopu ina umbo lake, nyingi ni 16 kwa 9. Usipolinganisha, ubao unanyooshwa ukae kwenye skrini nzima, na duara lako linatoka yai. Wengi wanadhani mkono wao ndio mbovu, kumbe ni mpangilio tu.

Hina unapaka huku unaugeuza mkono wa bibi harusi, siyo? Basi na kwenye kompyuta geuza turubai, yaani ule ukurasa unaouchorea. Kwenye Krita, programu ya kuchorea ya kompyuta, ni namba 4 na 6 kwenye kibodi, na 5 inarudisha sawa. Vitufe vya pembeni vya tableti unaweza kuvipa kazi hiyo, ukaacha kugusa kibodi kabisa.

Laptopu ya GB 4: itaweza ukiihurumia. Krita ni bure na ndiyo ninayoipenda, lakini kwa GB 4 usifungue turubai kubwa lenye tabaka ishirini. Ukurasa wa A4 kwa uchapaji ni piseli 2480 kwa 3508, hapo utafanya kazi na tabaka chache bila shida. Funga kivinjari kabla ya kuanza, hicho ndicho kinachokula RAM. Ikizidi kuwa nzito, MediBang Paint na FireAlpaca ni nyepesi zaidi na ni za bure pia. Na washa uhifadhi wa kiotomatiki, uweke muda mfupi, kwa sababu laptopu ya zamani betri yake haina dhamana na umeme unaujua.

Simu: ndiyo, kwa kichomeo cha OTG, kile kinachoipa simu tundu la USB, inakubali, na tableti inachukua umeme kwenye simu yenyewe. Angalia tu kwenye boksi au tovuti ya kampuni kama modeli unayonunua imeandikwa Android. Na ujue kwamba simu ikiwa wima, tableti nyingi zinatumia kipande tu cha ubao, sehemu nyengine inakuwa haisikii kalamu. Geuza simu ilale, eneo linaongezeka. Krita ipo ya Android ila imetengenezwa kwa vioo vikubwa, kwenye simu utabaki na ibis Paint.

Kuhusu kanga sasa, maana hapo ndipo naona riziki.

Kanga ina pindo, ina mji yaani sehemu ya katikati, ina jina yaani maandishi yake. Pindo na mji karibu zote ni mchoro unaojirudia, na kuna kitu kwenye Krita kimekaa kama kilitengenezwa kwa ajili yako: bonyeza W, turubai lako linajirudia pande zote, ukichora jani likatoka kulia linaingilia kushoto. Ukimaliza una kipande kimoja ambacho kikipangwa hakionyeshi maungio. Kwa daftari na rula hii ilikuwa kazi ya kutoa machozi.

Jambo la pili, rangi. Kanga huwa na rangi chache, na katika uchapaji wa vitambaa kwa skrini kila rangi ina skrini yake. Kwa hiyo kila rangi iweke kwenye tabaka lake peke yake, rangi tupu, usiififishe wala kuichanganya kwa brashi laini. Mpelekee yule mfanyabiashara faili lililopangwa hivyo, atajua anazungumza na mtu wa kazi. Na kwa vile kanga ina karibu mita moja na nusu kwa urefu, baadaye jifunze programu ya Inkscape. Ni bure, na mistari yake haivunjiki hata ukiikuza iwe ukubwa wa ukuta.

Fundi Darajani

Hapo kwenye kanga umenifundisha hata mimi. Naongeza kwa anayenunua iliyotumika, maana tableti hizi zinaletwa kwangu. Nenda na laptopu yako dukani. Weka rula ya plastiki juu ya ubao, pitisha kalamu polepole sana kwa mshazari. Mstari ukitoka na mawimbi, ubao una kasoro, na hiyo haitengenezeki. Gusa pembe zote nne. Tikisa waya kidogo pale unapoingia, ikikatika muunganiko hata mara moja usichukue. Na ukiiweka nyumbani ifunike na itie kwenye mfuko na vile vipakti vya kufyonza unyevu, hewa yetu ya chumvi inakula matundu ya USB kuliko kitu chochote.

Binti Wete

Fundi, na draiva? Kuna mtu aliniambia yake ilichora lakini mstari wote unene mmoja.

Fundi Darajani

Hilo ndilo naletewa kila mara, na tableti inakuwa nzima kabisa. Pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usichukue ya kwenye CD ya mtu. Kama laptopu iliwahi kuwa na draiva ya tableti nyengine, itoe kwanza, uzime, uwashe, ndiyo utie mpya, maana draiva mbili zinagombana. Unene ukiwa mmoja, fungua draiva utafute alama ya Windows Ink, ikiwa imewashwa izime, ikiwa imezimwa iwashe. Kwenye Krita kuna sehemu ya mipangilio ya tableti, unachagua njia ya kusoma kalamu, baina ya Wintab na ile ya Windows. Mojawapo itakubali.

Mama Mkoani

Mwanangu Binti Wete, mimi mwanangu alimwagizia mdogo wake kupitia wakala wa mizigo, wakaambiwa bei, mzigo ulipofika Dar wakaambiwa bado ushuru. Muulize wakala kabisa kabla hujatuma pesa: bei hii ni mpaka wapi, na ushuru umo? Akuandikie kwenye ujumbe. Na mizigo midogo kama hii waunganishe na ya mtu mwengine, usafiri unapungua.

Binti Wete

Shikamoo mama, nimekusikia, ahsante sana. Basi nimeamua Deco 01 V2 nikiipata kwa bei hiyo, nikiikosa H640P. Wino, ulisema chenji ina kazi yake. Na jambo moja nimesahau kulisema, mimi natumia mkono wa kushoto.

Wino wa Pwani

Wa kushoto hakuna neno. Kwenye draiva kuna sehemu ya kuugeuza ubao nyuzi 180. Vitufe vinahamia upande wa kulia, na kuchora kunabaki vile vile.

Chenji: agiza kalamu ya pili pamoja na tableti, kwenye mzigo huo huo, kabla haujatoka China. Ongeza na ncha za kalamu. Kwenye boksi huwa unakuta za akiba, lakini ubao mpya una mkwaruzo kama wa karatasi, unazila ncha haraka miezi ya mwanzo. Ncha ikiisha ikawa bapa kama patasi ibadilishe mara moja, ukiendelea nayo itachimba ubao. Pesa ikibaki tena, nunua waya wa pili wa USB-C hapo hapo Pemba. Ile glovu ya vidole viwili wanayoisifia usiinunue, faida yake ni kwenye vioo.

Mzigo ukifika niandikie hapa hapa kwenye uzi, tuweke draiva pamoja.